Timu Ikibadili Jina, Shabiki Abaki na Nani?

Yanga au Simba ikitua Tabora, Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi hufurika, na jezi nyingi majukwaani huwa za mgeni. Hilo lina historia. Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936, na ligi ya taifa ilipoanza 1965 majina hayo tayari yalikuwa vinywani mwa watu. Reli iliyofuata njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji ilikuwa imefika Tabora tangu 1912, na majina hayo yakasafiri nayo kutoka Dar es Salaam. Redio ikaja kumalizia kazi. Mtoto wa Kinyamwezi akarithi timu ya Kariakoo kwa baba yake kama anavyorithi ukoo.

Tabora nayo imekuwa na timu zake. Milambo ilicheza ngazi ya juu, na Rhino Rangers ilionja Ligi Kuu msimu wa 2013/14 ikashuka. Shabiki alipoanza kuzoea, timu ikaondoka machoni pake.

Mwaka 2023 ikapanda Kitayosce, klabu yenye asili ya Kilimanjaro, ikaitwa Tabora United. Katika mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya Azam pale Chamazi, ilikwenda na wachezaji wanane tu kwa matatizo ya usajili. Wawili walipoumia wakabaki sita, chini ya saba wanaotakiwa na sheria, na mchezo ukavunjika Azam wakiongoza 4-0. Aibu tupu. Lakini Novemba 7, 2024, uwanjani hapo hapo, Nyuki hao wa Tabora waliichapa Yanga 3-1, Offen Chikola akifunga mawili. Matokeo ya namna hiyo ndiyo yanayomfanya kijana wa Isevya au Ng'ambo kununua jezi ya kwao.

Mwaka 2025 Chikola akasajiliwa na Yanga, na klabu ikawa TRA United, kwa jina la Mamlaka ya Mapato Tanzania. Fedha za taasisi ya umma zinalipa mishahara, nami sizidharau. Ila jina la mji lilikuwa mtaji, na kwa maoni yangu limetupwa kwa bei rahisi.

Upande wa wachezaji, klabu ndogo hupenda njia ya mkato: wakongwe walioachwa na vigogo, au vijana wa mkopo. Matokeo huja haraka, lakini mkopo ukiisha mchezaji anarudi kwao. Kulea ndiko kunakolipa, na FIFA imeweka utaratibu. Mchezaji akiuzwa nchi nyingine kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka wa umri wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25, kuanzia 16 ni asilimia 0.5. Kwa ada ya shilingi bilioni 1, klabu iliyokaa naye miaka minne tangu akiwa na 16 inapata milioni 20, na mgawo huo hujirudia kila anapouzwa tena nje kwa masharti hayo hayo.

Vipaji havijakosekana: fainali za UMISETA, michezo ya shule za sekondari, zimewahi kuchezwa Tabora yenyewe. Viongozi wa klabu, wasajilini watoto hao mapema na mtunze kumbukumbu zao. Bila rekodi ya usajili inayoonyesha mchezaji alilelewa wapi na kwa miaka mingapi, klabu haina cha kudai.