Fuvu la Ng'ombe Lina Somo kwa Kikundi Chenu



Ukisikia kwamba mtu fulani anakusanya mafuvu ya wanyama na kuyapanga kwenye rafu nyumbani kwake, pengine utashtuka. Wengine watasema, "Huyo si mtu wa kawaida, ni mganga." Lakini ziko nchi nyingi ambako watu hufanya hivyo kwa kupenda tu, kama vile mwingine anavyokusanya stempu. Wanasafisha fuvu, wanaandika ni la mnyama gani, kisha wanaliweka mahali pa kuonekana.

Je, jambo hili lina faida yoyote kwetu hapa Mautuma? Ndiyo, liko na faida, hasa kwa kikundi kinachoweka akiba ili kununua ng'ombe wa maziwa. Lakini pia liko na hatari zake. Tuangalie yote mawili.

MKUSANYAJI WA KITALE

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Kule Kitale aliishi mzungu mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyependa sana kukusanya wadudu, ndege, wanyama na vitabu. Mwaka wa 1926 alianzisha jumba lake mwenyewe la makumbusho. Alipokufa mwaka wa 1966, aliiachia nchi ya Kenya vitu vyake pamoja na fedha za kujenga jumba jipya. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka wa 1974, na leo linaitwa Makumbusho ya Kitale.

Kwa hivyo, kitu kilichoanza kama mapenzi ya mtu mmoja kimekuwa shule ya wengi. Sababu ni moja: vitu vilitunzwa vizuri ili watu wengine wajifunze.

FUVU LINASEMA NINI?

Chukua fuvu la ng'ombe na la mbwa, uyaweke pamoja. Macho ya ng'ombe yako kando, ili aone adui akitokea upande wowote. Macho ya mbwa yanaelekea mbele, kwa sababu yeye ni mwindaji. Mbwa ana meno marefu ya kurarua nyama. Ng'ombe hana hata jino moja la mbele kwenye taya la juu! Pale juu ana ufizi mgumu tu. Anashika majani kwa ulimi, anayabana kati ya meno ya chini na ule ufizi, kisha anayasaga kwa magego ya nyuma.

Sasa tufike kwenye jambo la pesa. Taya la chini la ng'ombe lina meno manane ya mbele. Ndama huwa na meno ya utoto, madogo na meupe. Baadaye hung'oka mawili mawili, kuanzia katikati, na makubwa huota mahali pake:

• Meno makubwa 2: karibu miaka 2.
• Meno makubwa 4: karibu miaka 2 na nusu hadi 3.
• Meno makubwa 6: karibu miaka 3 hadi 3 na nusu.
• Meno makubwa 8: karibu miaka 4 au zaidi.

Ng'ombe wa kienyeji wanaweza kuchelewa kidogo. Baada ya hapo meno huanza kulika. Ng'ombe mzee utamwona meno yamekuwa mafupi na yameachana.

Fikiria kikundi cha akina mama ambacho kimeweka akiba mwaka mzima. Wanafika soko la mifugo, na broka anawaambia, "Mama, chukueni huyu, ni mtamba wa miaka miwili tu, mimba ya kwanza." Kama hakuna kati yao anayejua meno, watalipa bei ya mtamba na kupeleka nyumbani ng'ombe mzee. Lakini kama wamezoea kuyaona mataya, mmoja atasema, "Hebu tufungulie mdomo kwanza." Akihesabu meno manane makubwa, broka hana la kusema. Huyo ana miaka minne au zaidi.

JINSI YA KUANZA

Hamhitaji vitu vingi. Anzeni na mataya manne ya chini: la ndama, la meno mawili, la meno manne na la meno manane. Baadaye mnaweza kuongeza fuvu zima la ng'ombe, la mbuzi, la kondoo na la nguruwe.

1. Zungumzeni na mwenye bucha au watu wa kichinjio. Chukueni kichwa cha mnyama aliyepimwa na mkaguzi wa nyama peke yake. Mwambieni asikipasue kwa shoka, kwa sababu kikipasuliwa fuvu limeharibika.

2. Toeni ngozi na nyama kwa kisu. Kama ni nyama ya kula, pikeni supu kwa moto mdogo. Moto mkali hufanya meno yapasuke na mafuta yaingie ndani ya mfupa. Ubongo mnaweza kuutoa kwa waya uliokunjwa.

3. Lowesheni fuvu ndani ya ndoo ya maji, mbali na nyumba na mbali na kisima. Badilisheni maji mara kwa mara mpaka nyama iliyobaki iachane na mfupa. Harufu itakuwako, msishangae. Pembe nazo zitalegea zichomoke, maana pembe ni kama kifuniko kilichovalishwa juu ya mfupa. Zisafisheni, mzirudishe baadaye.

4. Osheni kwa maji ya vuguvugu na sabuni ili mafuta yatoke. Mkitaka fuvu liwe jeupe, nunueni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kwa duka la dawa. Msitumie Jik, kwa sababu inakula mfupa mpaka unakuwa kama chaki.

5. Kausheni mahali mbwa hawawezi kufika. Meno ya mbele hutoka kwa urahisi. Yarudisheni kwa gundi, kila moja mahali pake.

6. Andikeni kikaratasi: mnyama gani, dume au jike, umri, alitoka wapi, na tarehe. Fuvu lisilo na maandishi halifundishi kitu.

Vaeni glavu wakati wa kazi, na mnawe mikono kwa sabuni mkimaliza.

HATARI MBILI KUBWA

Ya kwanza ni ugonjwa. Mnyama aliyekufa ghafla, hasa akitokwa na damu puani, mdomoni au nyuma, na damu hiyo haigandi, anaweza kuwa na kimeta. Msimguse, msimchune, msimkate kichwa. Kimeta kinaua watu, na mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi sana. Mwiteni daktari wa mifugo aseme azikwe vipi. Vilevile msishike kabisa kichwa cha mbwa mliyemkuta amekufa, kwa sababu ya kichaa cha mbwa.

Ya pili ni sheria. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977. Sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 inamkataza mtu kuwa na sehemu yoyote ya mnyama wa porini bila kibali: fuvu, pembe, jino, ngozi, hata manyoya. Kusema "nilimkuta amekufa msituni" au "ni ya marehemu babu" si kibali. Adhabu ni faini kubwa mno au kifungo cha miaka. Kwa hivyo fuvu la tumbili, la swara au la chui lisiingie kwenye rafu yenu. Kama kuna kitu kama hicho nyumbani tangu zamani, msikiuze wala kukibeba njiani. Nendeni mkaeleze kwa ofisi ya KWS, mfuate watakavyosema.

NA MAJIRANI JE?

Tusijidanganye. Mafuvu yakifichwa chumbani, maneno ya uchawi yataanza, na maneno hayo yameumiza watu wengi. Basi msifanye kwa siri. Mwambieni mzee wa kijiji mapema. Wekeni mataya mahali pa wazi, kwa mfano shuleni au pale mnapokutania, na vikaratasi vyake vikisomeka. Waiteni watoto na wazee waje wahesabu meno pamoja nanyi. Jambo ambalo kila mtu ameliona na kulishika kwa mkono halimtishi mtu.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Mara ya mwisho tuliponunua mnyama, nani alimwangalia meno?
2. Ni bucha gani karibu nasi inayoweza kutupatia mataya?
3. Tutayaweka wapi ili kila mtu aweze kuyaona?
4. Mnyama akifa ghafla hapa kijijini, tutampasha nani habari kwanza?