Kocha wa magongo chuoni: kazi inayoanza upya kila mwaka

Januari 2023 Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, kilimkabidhi Erin Matson timu yake ya wanawake ya mpira wa magongo (hoki). Alikuwa na umri wa miaka 22, na miezi miwili tu kabla ya hapo alikuwa mchezaji wa timu hiyohiyo. Novemba ya mwaka huohuo akaipa ubingwa wa vyuo vya nchi nzima. Aliyemwachia kiti, Karen Shelton, alikikalia tangu 1981 hadi alipostaafu mwishoni mwa 2022, akiwa ameshinda mechi 745 na mataji 10 ya taifa.

Kwa msomaji wa Ziba, hapa wilayani Igunga, habari hiyo inahitaji maelezo. Ukocha tunaoufahamu ni wa mpira wa miguu: leo umeajiriwa, Jumamosi umefungwa tatu, Jumatatu unafungasha virago. Inakuwaje mtu alipwe mshahara kwa miaka arobaini kwa kuwafundisha wanafunzi wa chuo kupiga mpira mdogo kwa gongo? Na kwa nini Afrika Mashariki, iliyowahi kuogopwa duniani katika mchezo huu, ina watu wachache wanaoishi kwa kazi hiyo?

Tuanze na mchezo wenyewe. Kila timu ina wachezaji 11 katika uwanja wenye urefu wa mita 91.4 na upana wa mita 55. Mechi huchezwa kwa robo nne za dakika 15. Gongo lina upande bapa na upande wa mviringo, na ni ule bapa tu unaoruhusiwa kupiga mpira. Bao halikubaliwi mpaka mshambuliaji awe ameugusa mpira ndani ya nusu duara iliyo mbele ya lango, yenye upana wa mita 14.63 kutoka mstari wa goli. Hakuna kuotea, na mabadiliko ya wachezaji hayana kikomo: anayetoka sasa hivi anaweza kurudi baada ya dakika mbili.

Kanuni hizo mbili za mwisho ndizo zinazompa kocha kazi nzito. Kwa kuwa hakuna kuotea, safu ya ulinzi haiwezi kupanda juu na kumtegemea mshika kibendera. Kila mlinzi lazima ajue amkabe nani na wakati gani. Na kwa kuwa wachezaji hubadilishwa muda wote, kocha hana wachezaji 11 na wengine wa kukaa benchi tu. Ana kikosi kizima kinachopokezana, na lazima kila mmoja awe tayari kuingia.

Kisha kuna kona fupi, adhabu inayotolewa hasa kwa makosa yanayofanywa ndani ya nusu duara. Watetezi wanaobaki nyuma ya mstari wa goli ni watano tu, kipa akiwa mmoja wao. Wenzao wote hupelekwa hadi katikati ya uwanja. Mshambuliaji mmoja huusukuma mpira kutoka mstari wa nyuma, mwingine huusimamisha nje ya nusu duara, wa tatu hupiga. Yote hayo huisha ndani ya sekunde chache, na hayatokei kwa bahati. Ni mazoezi ya mamia ya marudio. Ukitaka kumpima kocha, tazama timu yake inavyopiga kona fupi na inavyoizuia.

Lakini saa moja ya mechi ndiyo sehemu ndogo kabisa ya maisha ya kocha mkuu wa chuo. Huko Marekani msimu rasmi huanza mwishoni mwa Agosti na kumalizika Novemba. Miezi mingine yote kocha anasaka wachezaji katika shule za sekondari, anagawa ufadhili wa masomo, anapanga bajeti ya safari, anawafunda makocha wasaidizi na kufuatilia alama za darasani, kwa sababu mwanafunzi aliyefeli haruhusiwi kucheza. Mzazi hampi kocha huyo mshambuliaji wa pembeni. Anamkabidhi binti yake kwa miaka minne.

Miaka hiyo minne ndiyo kiini cha kazi yote. Kocha wa klabu akimpata kipa mzuri anaweza kuwa naye miaka kumi. Kocha wa chuo kila mwaka anawaaga wale aliowapika wakaiva na kupokea wengine wabichi. Hali yake ni ya mkulima wa mpunga: jaruba ni lilelile, lakini mbegu husiwa upya kila msimu, na mavuno ya mwaka jana hayapandi ya mwaka huu. Ndiyo maana makocha waliodumu hawakumtegemea mchezaji mmoja hodari. Walijenga utaratibu ambao mwanafunzi wa mwaka wa tatu anamfundisha wa mwaka wa kwanza.

Kazi ya namna hiyo haikuota yenyewe. Mwingereza Constance Applebee ndiye aliyeupeleka mchezo huu katika vyuo vya wanawake vya Marekani mwaka 1901. Kwa miongo mingi ulibaki mchezo wa kujitolea, ukisimamiwa na walimu wa elimu ya viungo. Mwaka 1972 ikapitishwa sheria inayojulikana kama Title IX, iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu. Vyuo vilivyokuwa vinatumia mamilioni kwa michezo ya wanaume vikalazimika kuwafikiria wanawake pia. Mwaka 1981 yakaanza mashindano ya kitaifa ya magongo ya wanawake chini ya chama kikuu cha michezo ya vyuo, NCAA. Ukawepo mshahara, na kwa hiyo ikawepo kazi ya kudumu. Shelton alianza mwaka huohuo. Mwenzake Beth Anders wa Chuo Kikuu cha Old Dominion alitwaa mataji 9. Wote wawili walikuwa wachezaji wa timu ya Marekani iliyopata shaba katika Olimpiki ya Los Angeles 1984, yaani walikuwa wakifundisha na kucheza kwa wakati mmoja.

Tugeukie nyumbani. Kwa Afrika Mashariki, mfano ulio karibu zaidi uko Nairobi. Chuo Kikuu cha Strathmore kina timu mbili, Gladiators ya wanaume na Scorpions ya wanawake, na chuo cha USIU-Africa kina Spartans. Timu hizi hushiriki ligi ya Chama cha Hoki Kenya, ambako vijana wa miaka ishirini hukutana na watu wazima wa Polisi au wa kiwanda cha sukari cha Butali. Kocha wa chuo huko anashindana na kalenda mbili zisizoelewana. Ligi haisubiri mitihani, na mitihani haisubiri ligi. Wiki ya mtihani anaweza kujikuta na nusu ya kikosi. Chuo kikifungwa, wachezaji wanatawanyika kwenda makwao.

Hata hivyo kocha wa Nairobi ana neema moja kubwa. Wanafunzi wake wengi wanafika chuoni wakiwa tayari wanalijua gongo. Wanatoka shule kama Friends School Kamusinga ya Bungoma, Tigoi Girls ya Vihiga na Sinyolo Girls ya Kisumu, ambako mchezo huu umekita mizizi. Mwalimu wa sekondari alikwisha kuwafundisha kushika gongo, kuinama na kupokea mpira unaokimbia. Kocha wa chuo anaanzia darasa la pili, si la kwanza. Sifa za ukocha wa chuo, kwa kweli, huanzia kwa mwalimu ambaye jina lake halitajwi.

Historia ya Kenya inaonyesha mambo yanavyokuwa pale ambapo mnyororo huo ni mzima, na pale unapokatika. Avtar Singh Sohal alicheza Olimpiki nne mfululizo, kuanzia Roma 1960 hadi Munich 1972, na katika tatu za mwisho alikuwa nahodha. Katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, Kenya ilimaliza ya nne. Wachezaji wengi wa kizazi hicho walikuwa Wakenya wenye asili ya Asia, Masingasinga na Wagoa, waliolelewa katika shule na klabu zao. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970 familia nyingi zikahamia Uingereza na Kanada. Kenya ikasusia Olimpiki ya Montreal 1976 pamoja na nchi nyingi za Afrika, kisha ikasusia ya Moscow 1980. Montreal ndiko Olimpiki ilikoanza kuchezea magongo kwenye nyasi bandia, na gharama ya kuandaa timu ya kimataifa ikapanda ghafla. Sohal akarudi uwanjani kama kocha wa timu ya taifa. Nairobi ikajenga uwanja wa City Park kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, na wanaume wa Kenya wakafuzu kwenda Seoul 1988. Tangu hapo hawajarudi Olimpiki.

Tanzania nayo ina ukurasa wake. Moscow 1980, baada ya mataifa kadhaa kususia, timu yetu ya magongo ilialikwa kujaza nafasi. India ikatufunga mabao 18 kwa 0 na mwishowe ikachukua dhahabu. Wengi huishia kuona aibu ya yale mabao 18. Mimi nasema tuitazame Zimbabwe. Nayo ilialikwa dakika za mwisho kujaza nafasi upande wa wanawake, ikaunda timu ndani ya wiki chache, ikatwaa dhahabu. Ni kweli kwamba timu kubwa za wanawake nazo hazikuwepo. Lakini wale wanawake walikuwa wamecheza magongo tangu shuleni. Mwaliko uliwakuta tayari.

Sasa kijana wa Ziba anayetamani kazi hii aanzie wapi? Asianzie Marekani. Aanzie kwenye ualimu. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, kiko kwenye reli itokayo Tabora kwenda Mwanza, na kazi yake ni kuandaa wataalamu wa michezo. Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, kimewafunza walimu wengi wa elimu ya michezo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatoa shahada katika fani hiyo. Cheti cha ualimu kitampa mshahara wakati magongo bado hayalipi. Juu yake aongeze kozi za Shirikisho la Kimataifa la Hoki, FIH, ambazo hupangwa kwa ngazi, na asidharau kozi ya uamuzi. Kocha aliyepuliza filimbi huzielewa kanuni kuliko aliyezisoma tu.

Kisha atafute pa kufundishia. Mkoa wetu wa Tabora umekuwa mwenyeji wa fainali za UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na za sekondari, miaka ya karibuni, na wengi wetu tumewaona watoto wa nchi nzima wakishindana kwa soka, netiboli, wavu na riadha. Walimu wa michezo wapo, na moyo upo. Magongo yanaweza kuingia kwa mlango mdogo: mchezo wa wachezaji watano kila upande, unaohitaji uwanja usiofika nusu ya ule mkubwa. Kombe lake la kwanza la dunia lilichezwa Muscat, Oman, Januari 2024, na wanaume wa Kenya walikuwepo. Kwa shule au chuo chenye magongo kumi na mawili, hapo ndipo pa kuanzia.

Kuhusu uwanja, tuseme ukweli wa udongo wetu. Mbuga nyeusi za Igunga zinafaa pamba na mpunga, lakini zikikauka hupasuka nyufa, na mpira wa magongo hauwezi kutambaa juu yake. Chagua ardhi ya kichanga, isawazishe, imwagie maji na kuishindilia. Kwenye uwanja wa vumbi mpira hurukaruka, kwa hiyo fundisha kwanza kuupokea gongo likiwa chini kabisa na magoti yamekunjwa. Mapigo ya juu yasubiri. Mpira ni mgumu na una uzito wa gramu 156 hadi 163. Mtoto asiingie uwanjani bila vikinga ugoko na kinga ya meno, na kipa asisimame langoni bila mavazi yake kamili. Kocha anayesema vifaa hivyo vitanunuliwa baadaye hajaanza ukocha.

Neno la mwisho ni kwa wakuu wa vyuo. Mazoea yetu ni kumtafuta kocha wiki mbili kabla ya mashindano, kumpa nauli na chakula, na kumsahau kombe likishatolewa. Kwa utaratibu huo hakuna kazi ya ukocha, kuna kibarua. Anayetaka timu ya magongo, au ya mchezo wowote, amwajiri kocha kwa miaka minne kamili, ambayo ndiyo miaka ya kuanza na wanafunzi wa mwaka wa kwanza hadi wahitimu. Amtengee saa za mazoezi ambazo ratiba ya mihadhara haitazigusa, na amhukumu mwishoni mwa mwaka wa nne, si baada ya mechi ya kwanza kufungwa. Bila hivyo tutaendelea kualikwa kujaza nafasi.