Mti Uliosagwa Ukawa Karatasi

Bwana mkulima, karatasi ya gazeti hapo mwanzo ni mti. Lakini zamani watu wa Ulaya hawakujua jambo hilo. Walifanya karatasi kwa matambara ya nguo kuukuu, na kadiri wasomaji walivyozidi, matambara yalizidi kuwa haba.

Mwaka 1719 Mfaransa mmoja, Réaumur, aliwaeleza wenzake jinsi nyigu wanavyokwangua mti, wakautafuna na kujenga kiota chembamba kama karatasi. Zaidi ya miaka 100 ikapita bila mtu kufaulu kuwaiga.

Ndipo akatokea Friedrich Gottlob Keller, mfumaji wa nguo wa mji wa Hainichen, katika Saxony ya Ujerumani. Karibu na mwisho wa mwaka 1843 alichukua kipande cha mti, akakigandamiza juu ya jiwe la kunolea lililokuwa likizunguka, huku akilitia maji. Ukatoka uji. Akauchuja, akaukausha, akapata karatasi. Mwaka 1844 Charles Fenerty wa Kanada naye alipeleka kipande cha karatasi yake ya mti kwa gazeti la Halifax, wala hawa wawili hawakujuana.

Sasa tazama vizuri ujanja wa kazi yenyewe. Mti ni nyuzi ndogo sana za selulosi, zilizoshikamana kwa kitu kama gundi kiitwacho lignini. Ukiusaga kama usagavyo mahindi, nyuzi hukatika-katika na hupati ila unga. Basi gogo hulazwa kwa ubavu wake juu ya jiwe, nyuzi zing'oke zikiwa ndefu, kama vile jani la katani linavyoparwa ili singa zitoke. Msuguo hutia joto, na joto hulegeza ile gundi. Maji nayo huzuia mti usiungue, tena huzichukua nyuzi.

Lakini gundi nyingi hubaki humo humo. Ndiyo sababu gazeti likiachwa juani hugeuka manjano. (Mimi karani ninayo ya zamani kabatini, ukiyakunja huvunjika kama majani makavu ya mgomba.) Karatasi njema ya kuandikia hutoka katika mti uliopikwa kwa dawa mpaka gundi ikatoka. Kwetu Kenya, kiwanda cha Webuye kilichoanza kazi mwaka 1974 kilitumia misonobari.

Je, Keller alitajirika? La. Mwaka 1845 gazeti moja la Frankenberg lilipigwa chapa juu ya karatasi yake, lakini fedha za kujenga mitambo hakuwa nazo. Mwaka 1846 alimwuzia haki yake Heinrich Voelter, msimamizi wa kiwanda cha karatasi. Voelter, pamoja na fundi Voith wa Heidenheim, aliutengeneza mtambo ukawa wa nguvu, ukaenea nchi nyingi. Keller aliendelea kuishi kwa shida. Uzeeni wenye viwanda walimchangia fedha kidogo, naye akafa mwaka 1895 huko Krippen.