Je, Wajua? Namba za Biblia

Jina la Daudi ni 14
Wayahudi wa kale walihesabu kwa herufi zilezile walizoandikia, hivyo kila jina lilikuwa na jumla yake. Wajuzi wa falaki wa pwani yetu hufanya hivyohivyo kwa abjadi ya Kiarabu. Daudi kwa Kiebrania ni herufi tatu: 4, 6 na 4. Sasa fungua Mathayo 1: vizazi 14, tena 14, tena 14, toka Abrahamu hadi Kristo! Wafasiri wengi huona hapo muhuri wa mfalme. Ila hesabu mwenyewe majina ya kundi la mwisho, utapata 13, na hilo moja lililopungua limewapa wasomi kazi kwelikweli.

666 ina pacha
Kipande cha mafunjo kilichofukuliwa Oxyrhynchus, Misri, kati ya nakala kongwe kabisa za Ufunuo, kinasema namba ya mnyama ni 616. Askofu Irenaeus, katika karne ya 2, alizijua nakala za aina hiyo na akazikataa. Tofauti imetoka wapi? Andika “Neron Kaisari” kwa herufi za Kiebrania, kisha jumlisha: 666. Warumi wenyewe walimwita Nero, bila n ya mwisho. Herufi hiyo thamani yake ni 50. Iondoe, unabaki na 616 kamili. Ndiyo maana wasomi wengi humtaja Nero, mtesaji wa Wakristo wa Roma aliyekufa mwaka 68, kabla ya kumtafuta mnyama kwenye magazeti ya leo.

Samaki 153, si “kama mia na hamsini”
Yohana 21 inataja idadi ya samaki wa Petro bila kukadiria. Jumlisha 1, 2, 3 na kuendelea hadi 17, utapata 153. Augustino alifurahia sana hiyo 17: amri 10 na vipawa 7 vya Roho. Kuna na hili: 1×1×1, 5×5×5 na 3×3×3, ukizijumlisha, ni 153 tena! Mimi nadhani huenda walihesabu tu, kama wavuvi wanaotaka kugawana.

Yeriko ilizungukwa mara 13
Makuhani 7, baragumu 7, siku 7. Lakini siku sita za mzunguko mmoja mmoja, ukiongeza saba za siku ya mwisho, ni 13, namba ambayo simulizi haiitaji kabisa.

Mji wenye umbo la mchemraba
Yerusalemu Mpya ya Ufunuo ina stadio 12,000 kila upande, yaani kilomita 2,200 hivi: zaidi ya mara nne ya barabara ya Nairobi hadi Mombasa. Na kimo chake ni hichohicho! Patakatifu pa Patakatifu katika hekalu la Sulemani napo palikuwa mchemraba, dhiraa 20 kila upande. Ukuta wa mji huo je? Dhiraa 144, yaani 12 mara 12.