Vimbunga vya Mbali na Mvua ya Isiolo: Kweli au Si Kweli?

Habari za kimbunga zikisikika redioni mwezi wa Machi, mfugaji wa Merti au Garba Tula hutaka kujua jambo moja: mvua za ganna, yaani masika, zitawahi au zitachelewa? Ana haki ya kuuliza, maana mifugo huhamishwa kwa kutegemea jibu. Tuyapime madai matano yanayosemwa sana.

1. Kimbunga chaweza kufika Isiolo.
Si kweli. Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto, na ili kianze kujizungusha kinahitaji msukumo unaotokana na mzunguko wa dunia. Kwenye ikweta msukumo huo haupo, ndiyo maana ni nadra sana kimbunga kuzaliwa ndani ya nyuzi tano za latitudo. Mji wa Isiolo hautimizi hata nusu nyuzi kutoka ikweta. Tena uko mbali na bahari, na kimbunga kikiingia nchi kavu hukosa mvuke, kikafifia.

2. Kwa kuwa hakifiki, hakituhusu.
Si kweli. Kusini mwa ikweta, upepo wa kimbunga huzunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Kikikaa mashariki ya Madagaska, upande wake wa kaskazini huvuta upepo kutoka magharibi, na hewa yenye unyevu ya bonde la Kongo husogea hadi Kenya. Machi 2018, vimbunga Dumazile na Eliakim vilipopita upande huo wa Madagaska, vilichangia mvua kubwa za masika zilizofurika sehemu nyingi za nchi.

3. Basi kila kimbunga hutuletea mvua.
Si kweli, na dai hili ndilo la hatari zaidi kwa mfugaji. Machi 2019, kimbunga Idai kilikuwa kwenye mlango bahari wa Msumbiji, magharibi ya Madagaska, kabla ya kuipiga Beira. Hapo kiliuvuta unyevu kuelekea kusini, na Kenya ikabaki kavu wakati ambapo mvua za masika zilipaswa kuwa zimeanza. Bahari ni ile ile na mwezi ni ule ule, lakini mahali tofauti pakaleta matokeo yaliyo kinyume.

4. Nzige wa mwaka 2020 walitokana na vimbunga.
Kweli, kwa sehemu kubwa. Mei 2018 kimbunga Mekunu kiliipiga Oman, na Oktoba mwaka huo Luban kikafuata. Mvua zake zililowesha jangwa la Rub' al Khali, mimea ikaota, nzige wakazaana kizazi baada ya kizazi mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuwaona. Walienea hadi Yemen, kisha Somalia na Ethiopia, ambako mvua nyingi za mwishoni mwa 2019, pamoja na kimbunga Pawan cha Desemba, ziliwapa malisho zaidi. Mwisho wa mwezi huo waliingia Kenya, na Januari 2020 makundi yao yalikuwa Isiolo yakila majani ambayo yangeliwa na ngamia na mbuzi.

5. Mafuriko ya Kenya ya 2024 yaliletwa na kimbunga Hidaya.
Si kweli. Hidaya kilifika pwani ya Tanzania, karibu na Mafia, tarehe 4 Mei. Mafuriko yalikuwa yameshaanza wiki kadhaa kabla, na maafa ya mafuriko ya Mai Mahiu yalitokea tarehe 29 Aprili.

Kwa hiyo, ukisikia jina la kimbunga kipya, usikimbilie kuhamisha mifugo wala kupanda mbegu. Uliza kwanza kiko upande gani wa Madagaska, kisha sikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa kwa kaunti yako. Nanyi watangazaji wa redio zetu, mkitaja jina la kimbunga, tajeni na mahali kilipo, kwa sababu mahali ndipo panapoamua mvua yetu.