Tangi Tupu Si Tupu

Kila muhula ninapofundisha uhusiano wa lugha na fikra, sina budi kumtaja Mmarekani Benjamin Lee Whorf. Wanafunzi aghalabu hudhani alikuwa profesa. La hasha! Aliajiriwa na kampuni ya bima ya moto mjini Hartford mwaka 1919, akaitumikia hadi alipofariki mwaka 1941. Isimu aliifanya kwa mapenzi tu. Katika makala yaliyochapishwa mwaka huo wa 1941, alisimulia aliyoyaona kazini: penye mapipa yaliyojaa petroli watu walijihadhari, lakini penye mapipa "matupu" walivuta sigara na kutupa vipisi ovyo. Kumbe pipa tupu ndilo la kuogopwa zaidi, kwani lina mvuke unaolipuka. Neno liliwapumbaza.

Kwa miaka mingi mfano huo kwangu ulikuwa wa darasani tu. Aliyenizindua ni ndugu yangu mdogo, dereva wa lori la tangi, ambaye hupakia petroli Eldoret na kuivusha Malaba hadi Kampala. Jioni moja alinijia amenyong'onyea. Tandiboi wake alikuwa amelazwa hospitalini, uso na mikono imeungua. Tangi lilikuwa limepata ufa, wakalipeleka kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Fundi akauliza kama mlikuwa na kitu ndani. Tandiboi akajibu, "Hamna, ni tupu."

"Kaka," ndugu yangu akaniambia, "hakusema uongo. Tulikuwa tumeshusha hadi tone la mwisho."

Naam, hakusema uongo. Lakini petroli haiwaki ikiwa maji maji. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Mafuta yanaposhushwa hewa huingia mahali pake, na mabaki yaliyoganda kutani huendelea kutoa mvuke. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, basi hutuama chini ya tangi au kutambaa ardhini ukitafuta cheche. Tangi kama hilo halichomelewi mpaka lioshwe, lipulizwe hewa, kisha lipimwe kwa kipimo cha gesi. Ndugu yangu aliyajua hayo yote. Siku hiyo alikuwa ameondoka kwenda kutafuta chakula.

Aliyajua kutokana na mafunzo aliyopewa kwa Kiingereza, naye alifika kidato cha nne. Tandiboi, aliyeachia shule darasa la saba, hakualikwa. Je, ni nani hasa apandaye juu ya tangi kufungua vifuniko? Ni nani aunganishaye mipira na waya wa kuondolea umeme tuli wakati wa kushusha? Katiba ya 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, lakini hatari za kazi hii bado twazieleza kwa lugha ya wakubwa.

Sitaki kutia chumvi. Wanaisimu wengi wamempinga Whorf, na mimi sidai kwamba kila moto huwashwa na neno. Waliokufa Sachangwan tarehe 31 Januari 2009, zaidi ya watu mia moja, walijua fika kwamba ile iliyomwagika ilikuwa petroli. Waliitwa pale na ufukara. Huyu kijana wetu, hata hivyo, hakuwa akichota kitu. Aliulizwa swali, akalijibu kwa Kiswahili sanifu.

Mwalimu wa sayansi anayesoma haya anaweza kuanzia kwenye methali ya debe tupu, awaulize wanafunzi ndani ya debe hilo mna nini.

Ndugu yangu amelipiga marufuku neno "tupu" katika lori lake. Aliniomba mbadala, nikampendekezea "tangi lenye mvuke". Akacheka kwa mara ya kwanza tangu ajali ile. "Kaka, hilo ni refu mno kwa mtu aliye chini ya gari." Akachagua lake. Sasa wakishamaliza kushusha, tandiboi mpya hupaza sauti, "Tangi bado!"

Yule wa kwanza hajarejea kazini.