Namba iliyo chini ya kinyago: jinsi ushirika wa wachongaji wa Changamwe unavyofanya kazi

Wakaazi wengi wa Kaunti ya Mombasa wamepita mbele ya Chama cha Ushirika cha Akamba Handicraft, kwenye Barabara ya Port Reitz, Changamwe, wakielekea Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi. Walioingia ndani ni wachache. Kwa miaka mingi mabasi ya watalii ndiyo yaliyokuwa yakikata kona kuingia langoni, na mkaazi wa kawaida akachukulia kwamba mahali hapo si pake.

Dhana hiyo ina gharama. Ukumbi unaotegemea wageni pekee hufungiwa riziki siku wageni wasipokuja, na nyuma ya ukumbi huu kuna mabanda yaliyojaa mafundi wenye familia. Makala haya yanaeleza chama hiki kilivyoanza, kinyago kinavyofika kwenye rafu ya maonyesho, fundi anavyolipwa, na mkaazi wa kaunti anavyoweza kunufaika nacho na kukitegemeza.

Kilivyoanza

Uchongaji wa vinyago vya kuuza ulienea Ukambani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mutisya wa Munge, mzaliwa wa Wamunyu katika Kaunti ya sasa ya Machakos, alijifunza kazi hiyo Tanganyika wakati wa vita hivyo. Aliporudi nyumbani aliendelea kuchonga, na ujuzi ukasambaa kwa jamaa na majirani. Baadhi ya wachongaji walihamia Mombasa kwa sababu hapa kulikuwa na bandari, hoteli na wageni.

Tatizo lilikuwa soko. Mchongaji mmoja mmoja hakuwa na duka, hakuweza kununua magogo kwa wingi, wala hakuwa na nguvu ya kubishana bei na dalali aliyejua kwamba fundi anahitaji pesa ya chakula jioni hiyo hiyo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1963, mwaka ambao Kenya ilipata uhuru, wachongaji waliungana wakaunda chama. Baada ya muda kikawa miongoni mwa vituo vikubwa zaidi vya uchongaji nchini.

Kutoka gogo hadi rafu

Anayeingia Changamwe hukuta sehemu mbili. Kuna mabanda, ambako mafundi huketi katika vikundi wakichonga, na kuna ukumbi wa maonyesho, ambako kazi zilizokamilika hupangwa ili zitazamwe na kununuliwa. Inafaa kuanzia mabandani, kwa sababu ndiko bei ya kinyago inakoeleweka.

Gogo hukatwa vipande kwa msumeno kulingana na umbo linalokusudiwa. Fundi huanza kwa tezo, akiondoa mbao za ziada hadi mnyama, bakuli au sura ya mtu ianze kuonekana. Kisha hutumia visu na patasi kutoa masikio, vidole na mikunjo. Baada ya hapo kinyago hupigwa msasa, kwanza ulio mkali, kisha ulio laini, na mwisho hupakwa rangi au nta. Mara nyingi kazi hizi hugawanywa: anayechonga si lazima awe ndiye anayepiga msasa.

Subira ni sehemu ya kazi. Mti mbichi ni rahisi kuchonga, lakini hupasuka ukikauka ghafla. Kinyago kilichoharakishwa kinaweza kuonekana kizuri dukani, kisha kikatoa ufa baada ya wiki chache sebuleni. Ndiyo maana ushirika unaojali jina lake hukagua kazi kabla ya kuiweka kwenye maonyesho. Ufa, msasa duni au mguu mmoja mfupi ni sababu ya kumrudishia fundi kazi yake airekebishe.

Namba na malipo

Mnunuzi akigeuza kinyago, hukuta namba chini yake. Hiyo ni namba ya mwanachama aliyekichonga. Ukumbi huonyesha kazi za mafundi wengi kwa pamoja, na twiga ishirini waliosimama kwenye rafu moja wanaweza kuwa wametoka katika mikono tofauti. Bila namba, hakuna ambaye angejua ni yupi aliyeuzwa na nani anayestahili kulipwa.

Kinyago kinapouzwa, namba huandikwa pamoja na bei. Chama hubakiza sehemu ya pesa kwa ajili ya gharama za pamoja, kama vile umeme, ulinzi, mishahara ya wauzaji na matengenezo ya ukumbi, na sehemu iliyobaki humwendea mchongaji. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kinyago kikiuzwa kwa shilingi 3,000 na makato yakiwa asilimia 20, chama hubakiza shilingi 600 na fundi hupata shilingi 2,400. Kiwango halisi cha makato katika chama chochote cha ushirika huwekwa na wanachama wenyewe kupitia kanuni zao na mikutano yao.

Utaratibu huu una upande mgumu ambao mkaazi anapaswa kuuelewa. Fundi hulipwa kazi yake ikiuzwa. Kinyago kikikaa kwenye rafu miezi sita, fundi amekwisha kutumia mti, siku zake na nguvu zake, na bado hajaona shilingi. Hapo ndipo dalali hupata nafasi: hutoa pesa taslimu leo, ingawa ni kidogo mno. Kila kinyago kinachonunuliwa ukumbini humpunguzia fundi sababu ya kuuza kwa bei ya kutupa.

Nani huamua?

Chama cha ushirika si kampuni ya mtu. Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika, kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Wanachama huchagua kamati ya usimamizi, hukutana katika mkutano mkuu wa kila mwaka, na husomewa hesabu zilizokaguliwa. Mwanachama ana haki ya kuona kumbukumbu za mikutano na hesabu za chama katika afisi kuu ya chama. Mzozo usiposuluhishwa ndani unaweza kupelekwa mbele ya Mahakama ya Vyama vya Ushirika.

Baada ya Katiba ya 2010, vyama vya ushirika vilitajwa katika Ratiba ya Nne miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti, pamoja na maendeleo ya biashara. Shughuli na vituo vya utamaduni pia viko katika orodha hiyo. Kwa hivyo mafundi, wachoraji, wasusi au washonaji wanaotaka kuunda ushirika wao wanaweza kuanzia kwenye afisi ya ushirika ya kaunti, ambako hupewa maelezo kuhusu idadi ya wanachama inayotakiwa, katiba ya chama na hatua za usajili.

Mti wenyewe

Hatari kubwa kwa wachongaji haikutoka kwenye soko pekee. Kwa miaka mingi miti iliyopendwa zaidi ilikuwa mpingo na muhugu. Yote miwili ina mbao ngumu zenye kung'aa, na yote miwili hukua polepole sana. Muhugu ulikatwa katika misitu ya Pwani na kwingineko kwa kasi iliyozidi uwezo wake wa kuota tena. Fundi alianza kuona magogo yakiwa membamba, ya mbali na ya bei ya juu.

Kuanzia miaka ya 1990, watafiti na mashirika ya uhifadhi walishirikiana na wachongaji kutafuta miti mbadala. Jibu moja lilikuwa limesimama uani: mwarobaini. Watu wa Pwani wanaujua zaidi kwa dawa na kivuli, lakini mbao zake zinachongeka vizuri, mti hukua haraka, na umejaa mashambani na kandokando ya barabara. Mwembe na mjakaranda pia ilianza kutumika. Katikati ya miaka ya 2000, wakulima wadogo wa Pwani wanaokuza miti ya kuchonga walipata cheti cha FSC, kinachothibitisha kwamba mbao zimevunwa bila kuharibu misitu.

Kwa mnunuzi, jambo hili lina maana ya moja kwa moja. Tangu Januari 2017, miti yote ya jamii ya mpingo imo katika orodha za mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Anayetaka kusafirisha mzigo mkubwa wa vinyago vya mpingo nje ya nchi aulize kwanza kuhusu vibali. Vilevile, si kila kinyago cheusi ni cha mpingo. Vingine ni vya miti laini iliyopakwa rangi nyeusi. Mpingo halisi ni mzito kiasi kwamba kipande chake huzama majini. Kinyago chepesi cheusi hakina kosa lolote, mradi bei yake ni ya mti wake.

Msimu ukivunjika

Mnamo Mei 2014, Uingereza iliwaonya raia wake dhidi ya kusafiri Mombasa kwa sababu za usalama, na onyo hilo halikuondolewa hadi Juni 2015. Mnamo Machi 2020, Kenya ilisimamisha safari za ndege za abiria wa kimataifa kwa sababu ya korona, na safari hizo zikaanza tena Agosti mwaka huo. Katika vipindi vyote viwili, biashara zilizosimama juu ya watalii peke yao hazikuwa na pa kushika.

Funzo lake ni jepesi kulieleza na gumu kulitekeleza: ukumbi wa maonyesho unahitaji wateja wa nyumbani. Kaunti hii ina shule, hoteli, makanisa, misikiti, afisi na kumbi za harusi. Zote hununua meza, vikombe vya tuzo, zawadi za wastaafu na mapambo. Nyingi huagiza bidhaa za plastiki kutoka ng'ambo ilhali fundi wa kuchonga yuko umbali wa nauli moja ya matatu.

Mkaazi afanye nini?

Kwanza, ingia utazame. Panga muda wa kupita mabandani kabla ya kwenda ukumbini, hasa ukiwa na watoto, kwani kuona gogo likigeuka kifaru kunafundisha kuliko picha ya kitabuni. Omba ruhusa kabla ya kumpiga fundi picha.

Pili, unaponunua, geuza kinyago usome namba, kisha muulize muuzaji namba hiyo ni ya nani. Ukipenda kazi ya fundi fulani, unaweza kuagiza nyingine kama hiyo kupitia chama. Dai risiti, kwa sababu ndiyo inayounganisha pesa yako na namba ya fundi.

Tatu, shule, vikundi na afisi zinazohitaji vitu vingi ziagize mapema. Mti unahitaji muda wa kukauka, na agizo la wiki moja huzaa nyufa.

Nne, aliye na mwarobaini au mwembe mkuukuu shambani, na ambaye kwa vyovyote amepanga kuukata, aulize wachongaji kabla ya kuugeuza makaa. Apate kwanza maelekezo ya afisi ya misitu kuhusu kibali cha kukata na kusafirisha mbao, na apande miche mingine mahali pake.

Tano, wasanii wa fani nyingine wanaofanya kazi kila mtu kivyake watafakari mfano huu. Waliojiunga mwaka 1963 walikuwa na tezo na ujuzi. Kilichowakosa ni ukumbi wa pamoja na daftari la kuonyesha nani kauza nini. Waliviunda wenyewe, na hadi leo namba iliyo chini ya kila kinyago ndiyo inayohakikisha kwamba aliyetoka jasho ndiye anayelipwa.